KIJITO CHA JUMAPILI: MAJI YA KUTU YALIYOGEUKA RANGI YA WACHORAJI

Wamarekani bwana, wana vituko. Kusini mashariki mwa jimbo la Ohio kuna kijito kinaitwa Sunday Creek, yaani Kijito cha Jumapili. Vuka vilima vichache kuelekea magharibi unamkuta jirani yake, Monday Creek, Kijito cha Jumatatu. Jumanne nimeitafuta sana kwenye ramani, sijaiona. Vyote viwili vinamwaga maji yake katika mto Hocking, na vyote viwili vimepatwa na balaa moja: maji yamekuwa na rangi ya Fanta.

Sitanii, msomaji wangu. Rangi ya Fanta kabisa, ile ya machungwa. Mawe yake rangi hiyo, mizizi ya miti rangi hiyo, hata jani likidondoka usiku asubuhi unalikuta limeshavishwa koti la kutu. Ukipita na gari juu ya daraja unaweza kudhani kuna kiwanda cha soda kimepasuka huko juu. Samaki hakuna. Chura hakuna. Hata wale wadudu wadogo wanaotembea juu ya maji kama wana uchawi, hakuna.

Mimi niliishi huko miaka miwili. Mji wenyewe unaitwa Athens, si ile Athens ya Wagiriki, ni kamji kadogo ka wanafunzi kenye chuo kikuu kikubwa kuliko mji, na chuo hicho kinafundisha Kiswahili tangu zamani. Ndiyo riziki iliyonipeleka: nasoma, na huku nawafundisha vijana wa Kizungu tofauti ya kufa na kufaa. Mwenzangu wa nyumba alikuwa kijana wa Tarime, Mkurya safi, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu ana lake la kusema.

Sasa, kabla hujauliza nani kamwaga rangi kijitoni, jibu ni kwamba hakuna aliyemwaga. Kijito kinamwagiwa na mgodi uliokufa. Na hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga, kwa sababu mgodi uliokufa, tofauti na binadamu, hauozi ukaisha. Unaendelea kutapika.

ALMASI NYEUSI

Enzi za mababu zao, bonde lile lilikuwa kama Mererani ya makaa ya mawe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 treni zilikuwa zinapishana usiku na mchana, vijiji vikaota kama uyoga, na mpaka leo wenyeji wanaiita sehemu ile miji midogo ya almasi nyeusi. Majumba ya starehe yalikuwepo, baa zilikuwepo, fedha ilikuwepo. Na kufa kulikuwepo pia. Tarehe 5 Novemba 1930, katika kijiji cha Millfield kando ya Kijito cha Jumapili, gesi ililipuka mgodini na kuua watu 82. Miongoni mwao alikuwa rais wa kampuni mwenyewe, aliyeshuka chini siku ile na wakubwa wenzake kukagua mambo ya usalama. Usalama, eti! Mpaka leo hiyo ndiyo ajali mbaya kuliko zote za migodi katika historia ya Ohio.

Na upande wa Jumatatu nako walikuwa na yao. Mwaka 1884 wachimbaji waligoma, ugomvi ukapamba moto, basi kuna waliosukuma mabehewa ya makaa yanayowaka yakaingia ndani ya migodi ya New Straitsville. Makaa yakashika moto chini ya ardhi. Wenyeji watakwambia huo moto haujazimika hadi leo, unaendelea kula taratibu huko chini, zaidi ya miaka 130 sasa. Tukisema bongo moto tunadhani ni mzaha, wenzetu wanao chini ya miguu.

Halafu makaa yakapungua faida, makampuni yakafunga, mengine yakafilisika na mengine yakageuza jina. Wakatoa mashine, wakaondoka. Walichoacha ni mashimo, maili na maili za mashimo chini ya vilima, na mashimo hayo yakajaa maji.

Hapa naomba utulie kidogo maana ni kemia, lakini kemia ya kijiweni. Ndani ya yale mawe yaliyobeba makaa kuna madini yanaitwa pairiti. Yanang'aa njano, wengi wanayajua kama dhahabu ya wajinga, na bila shaka unamjua mtu aliyewahi kuuziwa. Pairiti ni chuma na salfa zimekumbatiana. Zikikaa kimya ndani ya mwamba hazina neno na mtu. Lakini mwamba ukivunjwa, hewa ikaingia, maji yakaingia, ndoa inavunjika. Salfa inakwenda kuwa asidi, asidi ya salfa, ile ile iliyomo kwenye betri ya gari, ingawa si kali kiasi kile. Chuma nacho kinayeyuka ndani ya maji. Halafu kuna bakteria wa ajabu ambao chakula chao ndicho hicho chuma, wao asidi kwao ni supu ya asubuhi, na wanaiharakisha kazi mara nyingi sana.

Kinachofuata ni kiini macho. Maji yanapotoka ardhini ni maangavu kama ya kisima, ukiyakinga kwenye glasi unaweza kumkaribisha mgeni. Yakishakutana na hewa, yakatembea kidogo, kile chuma kinapata kutu ndani ya maji na kuanza kutua chini. Ndiyo ile rangi ya Fanta. Asidi inamuua samaki moja kwa moja, kutu inamalizia waliobaki kwa kufunika mayai na vijidudu vyote vilivyojificha kwenye changarawe. Samaki hata akivumilia ukali wa maji, atakula nini?

Kwenye Kijito cha Jumapili kuna mahali panaitwa Truetown. Pale peke yake, kutoka kwenye mgodi mmoja uliojaa maji, yanamwagika zaidi ya galoni milioni moja kila siku, na ndani yake kutu ya chuma kiasi cha kilo 2,500 hivi. Kwa siku! Pakia mwenyewe kwenye pikapu uone. Kipande cha kijito cha kilomita 11 hivi kikawa hakina maisha kwa sababu ya shimo hilo moja.

"HAPA TUMENAWA MIKONO"

Miaka ya nyuma serikali ya jimbo ilikuwa na namna yake ya kuviandika vijito kama hivi. Viliwekwa katika kundi la maji yasiyotarajiwa tena kuwa na viumbe wa maana. Kwa lugha yetu: mgonjwa mpelekeni nyumbani. Kijito cha Jumatatu kilikuwa humo.

Lakini kila kijiji kina watu wabishi. Mwaka 1994 wenyeji, chini ya shirika lao linaloitwa Rural Action, walianzisha mradi wa kukifufua Kijito cha Jumatatu. Hawakuwa na fedha za kutisha. Walianza na kazi ya miguu, wakawa wanapanda kijito juu na chini kila tawi, wanapima ukali wa maji, wanaandika wapi panatoka nini. Kazi isiyo na sifa hata kidogo, hakuna atakayekupiga picha. Mimi naamini hapo ndipo vita iliposhindwa au kushinda, maana ukishajua mashimo matano ndiyo yanaleta sehemu kubwa ya sumu, huna haja ya kupigana na mashimo mia tano.

Dawa yenyewe ni ya kizamani mno. Chokaa! Chokaa na asidi ni maadui wa jadi, zikikutana zinamalizana. Wengine wanapitisha maji kwenye mifereji iliyojazwa mawe ya chokaa, wengine wanachimba mabwawa ya kutuliza kutu. Na pale Carbondale, kwenye kijito cha Hewett Fork, mwaka 2004 lilisimamishwa pipa kubwa kama ghala la nafaka, limejaa unga wa chokaa. Chini yake kuna gurudumu linalozungushwa na maji yenyewe. Maji yakizidi, gurudumu linakwenda mbio na unga unamwagika zaidi, yakipungua linatulia. Umeme hakuna, mlinzi wa kubonyeza kitufe hakuna. Mgonjwa anajipimia dozi mwenyewe.

Nilikwenda kuliona. Kwa kweli pale chini ya pipa hapapendezi, maji yamekuwa meupe kama tui la nazi na tope limejaa. Ukiambiwa hii ndiyo tiba unaweza kucheka. Lakini teremka na kijito, kilomita kwa kilomita, uone yanavyobadilika. Mawe yanarudi kuwa mawe. Wadudu kwanza, halafu wale samaki wadogo wasiochagua, halafu wale wanaochagua. Sehemu za chini za Hewett Fork, ambazo wazee walizikuta zimekufa, zina samaki tena, na watafiti wa chuo kikuu wamekuwa wakiwahesabu mwaka hadi mwaka. Nilimkuta baba mmoja ameshika ndoano, kofia imefunika macho. Nikamuuliza, mzee, humu kuna kitu kweli? Akanitazama kama vile nimemuuliza Kariakoo kuna watu.

Tatizo la chokaa ni kwamba haina mwisho. Pipa lazima lijazwe, mwaka huu, mwaka kesho, na mjukuu wako atalijaza. Mgodi unaweza kuendelea kutapika asidi kwa miaka mamia. Lori la chokaa lisipofika, ukali unarudi na samaki wanaotoka hawapewi notisi. Na chokaa inagharimu, kutu inayokusanyika mabwawani nayo lazima izolewe na kutupwa mahali. Unalipia dawa, kisha unalipia takataka ya dawa.

PROFESA WA MABOMBA NA PROFESA WA BRASHI

Ndipo anapoingia Guy Riefler, mwalimu wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Ohio. Huyu aliangalia zile kilo 2,500 za kutu za Truetown na akajiuliza swali la mfanyabiashara: hii si ndiyo bidhaa yenyewe?

Maana kutu ya chuma inauzwa, msomaji, tena duniani kote. Zile tofali nyekundu za kutandaza barabarani zinapakwa rangi hiyo. Rangi za kuta zinayo. Wewe dada uliyejipodoa asubuhi hii kabla ya kupanda daladala, geuza kile kikopo cha foundesheni usome maandishi madogo ya nyuma, uwezekano mkubwa utaikuta imetajwa. Marekani inaagiza shehena kubwa ya rangi hizo kutoka China, na huku kwake vijito vinazimwaga bure. Kule Pennsylvania mtaalamu mmoja, Bob Hedin, alishaonyesha kwamba kutu iliyozolewa kwenye mabwawa ya migodi inaweza kuuzwa kwa viwanda. Riefler na wanafunzi wake wakataka kwenda mbele zaidi, kutengeneza rangi safi kwa makusudi.

Wanayafanyaje? Maji yanavutwa kabla hayajafika kijitoni, yanatiwa dawa ya kupunguza ukali, yanapulizwa hewa. Chuma chote kinageuka kutu kwa haraka na kutua chini, maji masafi yanaachiwa yaende zake. Tope linaoshwa, linakaushwa, linasagwa. Hapo ni njano, kama udongo wa kusilibia nyumba. Ukilichoma kwenye tanuri linakuwa jekundu. Ongeza moto, linakwenda kwenye damu ya mzee. Ongeza tena, linakuwa na weusi wa zambarau iliyoiva. Kutu ni ile ile, ila moto tu umebadilika.

Lakini mhandisi ni mhandisi. Rangi zake za kwanza hazikumfurahisha mtu. Akaenda kubisha hodi idara ya sanaa, kwa John Sabraw, mchoraji, ambaye naye kwa upande wake alikuwa ameshaanza kuzoa lile tope kijitoni kwa majaribio yake. Hawa wawili wakashikana. Mmoja anapika, mwingine anapaka na kumwambia ukweli: hii ina mchanga, hii imefifia, hii sasa bomba. Sabraw akatengeneza picha kubwa za mviringo, zinafanana na sayari ukiitazama kwa mbali au seli ukiitazama kwa karibu, akaziita Chroma, na ndani yake imo kutu ya vijito.

Kampuni ya rangi za wachorji wa kweli kweli, Gamblin ya Portland, ikavutiwa. Ikazipakia kwenye tyubu, rangi tatu, hudhurungi, nyekundu ya kutu na zambarau ya chuma, na watu wakachanga fedha kuziagiza kabla hata hazijatoka. Rural Action nao wakaanzisha kampuni yao, True Pigments, kwa nia moja: kujenga kiwanda kamili pale Truetown, kisafishe maji yote ya shimo lile, kiuze rangi, na fedha za rangi zilipe gharama za kusafisha. Mauzo ya tyubu za wachoraji peke yake hayawezi kuendesha kiwanda, tusidanganyane, wachoraji wenyewe unawajua mifuko yao. Macho yao yapo kwenye saruji, tofali na rangi za majumba, kule ambako mteja mmoja anachukua tani.

Mimi nilikuwa na wasiwasi na hadithi hii mwanzoni. Ilinikaa kama zile hadithi za kuuza mifuko ya plastiki iliyofumwa, nzuri kwa wafadhili na haiondoi plastiki hata moja baharini. Tofauti niliyoiona ni kwamba hapa rangi haipatikani mpaka maji yawe yamesafishwa kwanza. Huwezi kuuza moja bila kufanya jingine.

MTU WA TARIME ANASEMA

Sasa nimrudie mwenzangu. Jumamosi moja tulikodi gari, tukaenda mpaka kando ya Kijito cha Jumapili upande wa Millfield. Mimi nilikuwa napiga picha, nasema tazama hii, tazama ile. Yeye kanyamaza. Mkurya akinyamaza ujue kuna jambo. Mwisho akasema, "Kaka, wewe unashangaa. Sisi tuna Tigithe."

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara hadi mto Tigithe. Wanavijiji walilalamika kwamba watu na mifugo wamedhurika, kampuni ikakataa, ikasema kilichotokea ni kwamba plastiki ya kuzuia maji yasipenye ilikuwa imeibwa. Suala likafika bungeni. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, baraza letu la mazingira, NEMC, liliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji kuvuja kutoka kwenye bwawa lake la mabaki. Kisa cha pili ni cha bwawa, si cha mawe, lakini mwamba wenye salfa ni ule ule, hautofautishi kati ya aliyekuja kutafuta makaa na aliyekuja kutafuta dhahabu.

Jamaa yangu hoja yake ilikuwa moja, na aliirudia njia nzima tukirudi: nani analipa? Kwa Wamarekani nilikuwa nimeshasoma, nikamjibu. Waliochimba zamani walishaondoka na faida yao. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyosema kila tani ya makaa inayochimbwa kuanzia sasa italipiwa ada ya senti kadhaa, na ada hiyo iende kufukia mashimo ya zamani. Tena sheria hiyo hiyo ikamlazimisha mchimbaji mpya kuweka dhamana mezani kabla ya kugusa ardhi. Ada ilikuwa senti 35 kwa tani ya mgodi wa wazi, senti 15 kwa wa chini ya ardhi. Haikutosha. Mwaka 2021 ilibidi bunge lao litenge dola bilioni 11.3 nyingine, fedha ya walipa kodi, kwa ajili ya migodi iliyotelekezwa ya makaa. Yaani kinyozi wa leo anachangia kusafisha uchafu wa tajiri aliyekufa mwaka 1930.

"Dhamana," akasema jamaa, "hiyo ndiyo kitu. Kabla hajagusa." Kisha akazima redio ya gari, akaanza kuhesabu kwa vidole migodi anayoijua Mara, Geita na Shinyanga. Mimi nikamwongezea makaa ya Kiwira na Ngaka, vidole vikaisha.

Nilirudi Dar na tyubu moja ya nyekundu ya kutu mfukoni. Bei yake sitaitaja, mama anasoma gazeti hili. Nikaipeleka Oysterbay pale Morogoro Stores kwa kijana mmoja anayechora Tingatinga, nikamsimulia mkasa wote, kijito, mgodi, maprofesa. Akasikiliza kwa heshima, akaibonyeza kidogo kwenye ubao, akampaka kiboko mgongoni. Rangi nzuri, akakubali, nyekundu imetulia. Kesho yake akanipigia simu. Hii rangi yako ni ya mafuta, bosi, haikauki! Wao wamezoea rangi ya kung'aa inayokauka upesi, na kuna Mjerumani anamtaka kiboko kabla ya ndege ya saa nne usiku.